Sauti ya Mama Kwenye Spika Mbili

Sauti ya mama ilitoka nyembamba kama ya mtu aliyezama ndani ya pipa, nami nikabaki nimezikodolea spika macho.

Kaseti aliyomrekodia baba enzi za uhai wake ilikatika juzi, nilipomaliza tu kuinakili kwenye kompyuta. Nakala ile niliipitisha kwenye programu ya kuondoa kelele, na kwa ujuaji wangu nikaifuta ya mwanzo. Sasa ilionekana programu imeondoa kelele pamoja na mama.

Baba alikuwa chumbani akivaa shati safi. Tangu tumzike mama, miaka mitatu, hakuwahi kuniomba kitu. Wiki hii ndipo aliponiambia, "Injinia wangu, chuo umemaliza. Nisikilizishe mama yako."

"Mbona umekauka hivyo? Umeona jini?" Shangazi, dada yake baba, alisimama mlangoni na beseni la nguo.

"Shangazi, nadhani nimemfuta mama."

Akatua beseni, akasikiliza. Uso ukamshuka. "Huyu siye wifi yangu. Wifi akiita watoto, mtaa wa pili wanaitika."

"Tayari huko?" baba akauliza kutoka chumbani.

"Bado! Funga vifungo taratibu!" shangazi akapaza sauti, kisha akaninong'oneza, "Fanya kitu, mwanangu. Kaka yangu hatalimudu hili."

Nilifikiri labda spika moja ni mbovu. Nikazima amplifaya, nikachomoa waya wa spika ya kulia, nikawasha. Kushoto peke yake akatoka mama mzima, na kifua chake na kikohozi chake. Nikarudisha ya kulia. Akayeyuka tena.

Basi faili lilikuwa salama; kosa lilikuwa kwenye waya. Spika zilikaa ubavu kwa ubavu kwenye rafu moja: kama moja inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta, sauti zinauana. Nikazima, nikachomoa waya zote nyuma ya amplifaya, nikatoa betri ya saa ya ukutani.

"Na saa nayo unaiua?" shangazi akauliza.

Nikagusisha betri kwenye waya wa kila spika, chanya kwenye ncha yenye mstari mweupe, hasi kwenye nyeusi tupu. Ngozi ya spika ya kushoto ikaruka mbele. Ya kulia ikarudi nyuma.

Nikakumbuka. Mstari mweupe niliupeleka kwenye tundu jekundu kila mahali, isipokuwa nyuma ya spika ya kulia, ambako kabati lilinizuia kuona. Pale nilifunga kwa kupapasa.

Nikavuta kabati, nikageuza ncha mbili zile. Kwa haraka yangu waya ukanichoma chini ya kucha. Nilikuwa nikirudisha za amplifaya baba alipoingia, amechana nywele.

"Washa, binti yangu."

Sikuwa nimejaribu. Shangazi alifumba macho. Nikabonyeza.

Kimya. Mchakacho. Halafu mama, katikati ya chumba kana kwamba amekuja kukaa nasi: "Mzee wa Haraka, umeondoka asubuhi bila kuaga. Umekula lakini?"

Baba alishika mgongo wa kiti.

"Nimekula," akamjibu.

Shangazi alichukua beseni lake akatoka. Mimi nilibaki na betri ya saa mkononi, nikiogopa hata kuhema.