Papai Lisilogusa Kikombe

Hukulikata papai langu kwa bahati mbaya, Baba Shani, umelikata na ndimu ukalikamulia! Siwema anasema hivyo huku akimnyooshea mumewe brashi kama mwiko. Lilikuwa linaoza, Chande anajitetea, kidevu bado kimelowa, na siku sita zote umelichora, hujalishiba tu? Kwa kweli picha imekwama. Papai, kikombe cheupe na birika vimekaa kama wagonjwa kwenye benchi la zahanati, kila mmoja na lake, papai lenyewe lina rangi ya tofali, na keshokutwa picha inachukuliwa kwenda kwenye maonyesho, ya kwanza kukubaliwa tangu Siwema aanze kuchora. Ngoja nifumbe macho dakika mbili, anasema, nisije nikakupiga. Anakaa, na kiti kinamshusha taratibu katikati ya kitambaa cha meza.

Kitambaa ni barabara, barabara haina mwisho, na kila inapokata kona inafika mji uleule, nyumba za rangi ya tofali, kila moja mbali na mwenzake kama zimenuniana. Anatokea mtu asiye na uso, laini kama yai. Hapa ni wapi, kaka? Kitendawili, anajibu mtu. Tega, anasema Siwema, maana adabu ni adabu hata ndotoni. Ni yangu, lakini nimepewa na jirani. Siwema anajaribu chumvi, anajaribu umbea, wapi. Basi nipe mji. Anampa Tanga. Mtu anakwenda, anarudi papo hapo: kuna joto, nipe mwingine. Anampa Kigoma, anampa Dodoma, na kila mji anaoutoa unafutika kama chaki, hadi anatoa Songea, kwao Chande, pamoja na mawifi zake wote, bila kujuta sana. Umebakiwa na huu tu, dada. Huu sitoi, nimeuchora mwenyewe! Basi jibu ni rangi, anasema mtu, na kwa bega anaisukuma nyumba moja mpaka inaegemea ya pili, na ukuta wa pili unaona haya, wekundu unaupanda shavuni, na ile ya kwanza inawaka kama kaa. Siwema anajifunga kanga vizuri, anaisukuma ya tatu kwa makalio.

Anafumbua macho. Chande anapangusa meza, amevisukumia vitu vyote pembeni, papai lililokatwa limekiegemea kikombe, na kikombe cheupe kimeona haya. Siwema hajui kama ameamka au barabara imekata kona tena. Atajua baadaye. Anachukua kisu cha jikoni na kuikwangua picha, kazi ya siku sita inadondoka sakafuni vipande vipande. Mama Shani, una wazimu? Chande anashtuka, mkono wake umetua kando ya birika, na weusi wake wote umeingia kwenye bati la birika. Usiutoe huo mkono. Mpaka lini? Mpaka nikwambie, Siwema anasema, anachovya brashi, na anaweka rangi ya kwanza pale papai linapogusa kikombe.