Mtandao wa Wageni

Saa mbili asubuhi kompyuta nne zilikuwa zimeshapangwa juu ya meza ya kulia, na watu wa nyumba ile walikuwa wanakunywa chai mkekani. Wahida alizipata kwenye mnada wa chuo kilichofungwa kule Chalinze. Mbili zilikuwa na umri wa mtoto wa darasa la saba. Fundi mmoja alimshauri aziuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, Wahida akamshukuru, kisha akazifungua mwenyewe, akapuliza vumbi, akabadilisha feni moja, akafuta Windows iliyozeeka na kuweka Linux. Sasa ziliwaka taratibu bila kugoma, na yeye hakuwa na wasiwasi nazo hata kidogo.

Hospitali moja binafsi ya Dar es Salaam ilikuwa tayari kumpa, yeye na wenzake watatu, kazi ya mwaka mzima ya kuchapa mafaili ya zamani ya wagonjwa. Siri za watu hizo. Kwa hiyo kabla ya saa kumi jioni alitakiwa kutimiza mambo mawili: mtandao wa nyumbani usiingiwe na asiyehusika, na barua ya serikali ya mtaa ithibitishe kwamba anaishi anakosema anaishi. Akikosa hata moja, kazi inakwenda kwa mwingine.

Akaanza na ruta. Alibadilisha neno la siri la mipangilio, lile ililotoka nalo kiwandani, kisha lile la Wi-Fi, ambalo miaka yote lilikuwa namba ya simu ya mama yake. Ilikuwa saa tatu kasoro robo. Akajitanda mtandio, akavuka njia hadi ofisi ya mtaa.

Watu saba walikuwa kwenye benchi. Mtendaji, Pantaleo, alikuwa anaitazama kompyuta yake kwa uchungu.

"Habari za kazi, mtendaji. Nina shida ya barua ya utambulisho."

"Mfumo uko chini, dada. Barua zote siku hizi zinatoka kwenye mfumo. Njoo kesho."

"Kesho kwangu ni kuchelewa. Umekatika saa ngapi?"

"Sasa hivi tu. Saa tatu kasoro hivi."

Wahida alirudi nyumbani akiwa na shaka. Akafungua orodha ya vifaa ambavyo ruta iliwahi kuviunganisha. Vilikuwa kumi na tisa. Vya nyumbani alivijua. Cha kumi na moja kiliitwa MTENDAJI, na cha kumi na mbili PRINTA YA MTAA. Alicheka, halafu akakasirika kwelikweli.

"Mama, paswedi ya zamani ulimpa nani? Nimeibadilisha asubuhi, na ofisi ya mtaa imekatika."

Bi Tatu alikuwa anachambua mchele. "Aliyeomba."

"Wote hao?"

"Mtu anakuja mlangoni, anakuamkia vizuri, anakuomba kitu ambacho ukimpa hakikupungukii. Utamwambia hapana? Msibani utamtazamaje?"

"Na mtendaji?"

"Huyo alikuja mwezi wa Shabani, maskini. Anasema ofisini hawajaletewa bando tangu Rajabu."

Miezi saba. Bando limepanda bei mara mbili mwaka huu, na yeye ndiye analilipia. Kila barua ya mtaa, kila kibali cha mazishi, kilipitia sebuleni kwao, na watu wameketi kwenye benchi wakiambiwa ni mfumo wa serikali.

"Si uwarudishie tu, upate barua yako?" Bi Tatu alisema.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Akiwarudishia, mashine za watu zitakaa pamoja na mafaili ya wagonjwa, na hospitali itamkataa. Asipowarudishia, barua haitoki. Tena kumfungia jirani mlango ni kumwaibisha mama yake mtaa mzima.

Alirudi kwenye mipangilio na kuisoma yote, mstari kwa mstari. Ruta ile iliweza kubeba mtandao wa pili, wa wageni, wenye neno lake la siri. Aliyeko huko anapata intaneti, lakini haoni kompyuta za ndani.

"Mgeni anakaa barazani," alimweleza mama yake. "Chumbani haingii."

"Sasa umesema," Bi Tatu alijibu, akaendelea na mchele wake.

Akaujaribu kwa simu yake. Alizitafuta kompyuta nne kutoka upande wa wageni, hakuna hata moja iliyoitika. Saa saba Evelyn wa hospitalini alipiga simu, akakagua kwa picha alizotumiwa.

"Naona mashine nne tu. Nani amekuwekea mtandao huu?"

"Mimi."

"Haya, imebaki barua."

Wahida aliupa mtandao wa wageni jina, akaandika neno la siri kwenye karatasi, akavuka njia tena.

"Mtendaji, mfumo umerudi," alisema, akaweka karatasi mezani. "Nyumbani kwangu."

Pantaleo hakumtazama. Kwenye benchi watu walishatoa simu zao, na mzee Abdulazizi, aliyekuwa wa kwanza kufika asubuhi ile, akasoma kwa sauti jina la mtandao aliloliona: "OFISI IMEAZIMA KWA BI TATU."

Benchi zima likacheka.

"Dada Wahida, badilisha jina hili," Pantaleo alisema.

"Siku mtakayoletewa bando lenu, nalibadilisha siku hiyohiyo."

"Akija mkaguzi kutoka wilayani?"

"Aje na simu yake."

Mtendaji aliinamisha kichwa. Akasema kwa sauti ya chini: "Mimi nimeshaandika barua tatu kuomba. Hawajibu."

"Basi hii ni ya nne," Wahida alisema.

Pantaleo alichapa neno la siri kwa kidole kimoja. Printa ikaamka. Alitaka kuanza na barua ya Wahida, yeye akakataa. "Mimi ni wa nane. Anza na mzee."

Akaketi mwisho wa benchi. Saa tisa na dakika ishirini aliitwa, na mtendaji akamuuliza jina kamili na mahali anapoishi, kana kwamba hapajui.