Mshono Nilioubana

Nimeshona sidiria miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo yote nimeharibu moja tu kwa makusudi. Ilikuwa ya mjukuu wangu.

Karakana yetu iko ghorofani, juu ya duka la mwenye mali, ambaye sote tunamwita Madamu. Tuko mafundi saba. Mmoja anashona vikombe, mwingine anatia lastiki, mwingine kulabu. Mimi, kwa kuwa mkono wangu hauna haraka, nilipewa sampuli, yaani ile nguo ya kwanza ya kila aina mpya, inayovaliwa siku ya kupiga picha za tangazo na za boksi. Watu wa nje hawalijui jambo hili, basi niwaambie. Msichana wa picha ni yule yule mwembamba, nguo iwe ya saizi yoyote. Ikimpwaya, mimi husimama nyuma yake na vibanio vya kuanikia nguo, nikambana mgongoni mpaka mbele pakae sawa. Ikiwa ni saizi kubwa, namjaza sponji. Mpiga picha anapiga mbele tu.

Madamu alichoka na nguo zinazorudishwa. Wanawake wanene walikuwa wananunua kwa kuangalia picha, wakifika nyumbani kamba zinawakata mabega, kesho yake wako dukani wamenuna. Mmoja alilibwaga boksi kwenye kaunta akasema, "Huyu mliyemchora hapa hajawahi kubeba hata nusu ya ninachobeba mimi." Madamu akapanda ngazi, akasimama mlangoni mwa karakana, akatuangalia mmoja mmoja. Macho yakatua kwa mjukuu wangu, aliyekuwa mwisho wa meza akikata nyuzi na kupanga mali kwenye maboksi.

"Wewe. Hebu simama."

"Nimefanya nini, Madamu?"

"Hujafanya kitu. Nataka wewe ndiye ukae kwenye boksi."

Fundi wa vikombe hawezi kuliacha neno likapita hivi hivi. "Madamu, hilo boksi itabidi tuliongeze upana."

"Na wewe anza kukata vikombe leo," mjukuu wangu akamjibu, "maana vyangu ni masufuria ya nyumba yenye watu."

Karakana nzima ikacheka, yeye mwenyewe akicheka kuliko wote. Ndivyo alivyo. Mama yake, binti yangu, aliniachia mtoto huyu akiwa na miaka sita akaenda kutafuta maisha mbali, na sasa ana miaka ishirini na mitatu. Mimi humwita mke mwenzangu. Yeye hunijibu, "Mume mwenyewe ulimmaliza peke yako, mimi umeniachia picha ukutani."

Nilimpima mimi. Alisimama kwenye kigoda mikono juu, tepu ikamzunguka kifua, kisha chini ya matiti. Akaniambia, "Bibi, usinipunguzie. Soma kama ilivyo." Nikasoma kama ilivyo, akaandika mwenyewe kwenye karatasi. Wiki ile nzima alikuwa anaimba akifua. Aliniuliza kama acheke na meno au afunge mdomo.

Nilishona sampuli ile kwa siku tatu. Kitambaa rangi ya zambarau, lesi pembeni, lastiki pana ya kushikilia mzigo. Ikatoka vizuri sana, hata nikaona fahari.

Sasa niseme jinsi ilivyokuwa. Jioni moja nikiwa nasubiri gari, kando ya kituo palikuwa na bango la mwanamke anayetangaza mafuta ya kujipaka, mabega wazi tu. Wanaume wawili walikuwa wamelisimamia wanalichambua, huyu anasema shingo, huyu anasema mikono, kama watu wanaochagua mbuzi. Nikamwona mjukuu wangu pale juu. Nikaona tumbo lake lile linalokunjika akikaa, na mapaja yake, na wale wawili wanacheka. Moto ukanipanda usoni. Nikajiambia, mtoto nimemlea mimi, ni juu yangu kumsitiri.

Kesho yake mchana wenzangu waliposhuka kwenda kula, nilibaki. Nikafumua mishono miwili ya ubavuni, nikaibana kwa upana wa kidole kimoja kila upande, nikashona upya. Nilishona vizuri, kwa mkono ule ule. Hata fundi mwenzangu angeigeuza asingeona kitu, labda aitazame kwenye mwanga.

Siku ya picha, chumba kilikuwa na taa kubwa mbili na shuka jeupe ukutani. Mjukuu wangu aliingia nyuma ya pazia. Tukasubiri. Kisha akaita, "Bibi, njoo unifungie."

Nikaenda. Kulabu hazikufika. Akavuta pumzi ndani, nikavuta, hazikufika. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Madamu akafunua pazia.

"Vipi tena?"

"Haifungi," mjukuu wangu akasema.

Madamu akanitazama. "Fundi, ulipima sawasawa?"

"Nilipima sawasawa," nikasema.

Na ni kweli, nilipima sawasawa. Neno lile lilikuwa kweli tupu, na ndilo baya kuliko yote niliyowahi kusema kwa kinywa changu.

Madamu akamgeukia mtoto. "Ndani ya wiki moja umenenepa hivi? Si nilikwambia ujiangalie?" Hakusema kwa ukali. Alisema kwa kuchoka, huku anatazama saa, maana mpiga picha analipwa kwa saa. Kisha akampigia simu yule msichana mwembamba.

Mjukuu wangu alivaa nguo zake. Hakuwa na mzaha. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Bibi, mbona sikuona nikinenepa?" Nikamwambia mwili ndivyo ulivyo. Na msichana wa picha alipofika, ni mimi niliyemjaza sponji kwenye vikombe, ni mimi niliyembana vibanio mgongoni, na mjukuu wangu amesimama mlangoni na trei ya chai aliyotumwa, anaangalia.

Nilidhani atasahau. Hakusahau. Chakula akawa anakizungusha kwenye sahani. Baadaye akaacha hata kukizungusha, akanywa maji ya moto na ndimu asubuhi, mchana, jioni. Na kila kunapopambazuka anakuja na tepu mkononi.

"Bibi, nipime."

"Jana si nilikupima?"

"Nipime tu. Wewe hukosei."

Nikawa nampima. Kila asubuhi namba inashuka kidogo, yeye anatabasamu, mimi nakunja tepu. Wanawake jirani wakaanza kumsifu, "Shoga umependeza, umekula nini?" Anajibu, "Sijala." Wanacheka wakidhani ni utani.

Wiki ya nne alianguka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mwisho wa meza, mkasi mkononi, akateleza taratibu chini katikati ya maboksi, kama nguo inayodondoka kwenye kamba. Fundi wa vikombe alimwahi kichwa kabla hakijagonga sakafu. Tukampepea, tukampa maji ya sukari. Alipofumbua macho, cha kwanza kusema ni, "Msimwambie Madamu, ataninyima picha tena."

Nilimpeleka nyumbani. Nikamlaza, nikapika uji, akanywa vijiko vinne kwa kunitii. Kisha nikatoa sampuli kwenye mkoba wangu. Nilikuwa nimeitoa stoo mchana ule, kabla hatujaondoka karakana. Nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Shika. Itazame ubavuni, kwenye mwanga wa dirisha."

Akaitazama. Kitambaa kile kikishatobolewa na sindano hakizibi. Kando ya mshono, kwa ndani, kulikuwa na mstari wa matundu madogo madogo, umenyooka, kidole kimoja kutoka kwenye uzi.

Amekulia chini ya cherehani yangu. Hakuhitaji kuambiwa.

"Ilikuwa pana," akasema.

"Ilikuwa sawa na wewe. Niliibana mimi."

Akapitisha ukucha kwenye yale matundu.

"Siku ile Madamu alipokuuliza, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na kila asubuhi unanipima, unajua."

"Ndiyo, mama."

"Usiniite mama." Akaigeuza ile nguo, akaitazama upande wa pili. "Kwa nini?"

Nikamweleza wale wanaume wa kituoni. Nikamweleza nilitaka kumsitiri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Uliona aibu mimi kutazamwa, au uliniona aibu mimi?"

Ningeweza kumdanganya. Nimeishi miaka mingi, najua maneno matamu ya kumpa mtoto. Lakini alikuwa amekonda shingoni, mishipa imetoka, na hayo yalikuwa matunda ya maneno yangu.

"Wewe," nikasema. "Nilikuona aibu wewe. Na mwili huo ni wangu. Nyonga ni zangu, kifua ni changu. Mimi sijawahi kusimama mbele ya kamera bila kujificha nyuma ya mtu."

Hakulia. Alisema, "Kesho utamwambia Madamu. Mbele ya wote. Na mimi nitakuwepo."

Kesho yake nilisema. Cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine. Nilipofika kwenye kufumua mishono, fundi wa kulabu alishika shavu, na fundi wa vikombe, yule asiyekosa neno, akainamisha kichwa akatazama miguu yake. Madamu aliichukua sampuli, akaipeleka dirishani, akaitazama sana.

"Ningekufukuza," akasema. "Nafikiri bado." Kisha akamgeukia mjukuu wangu. "Maboksi ya mwanzo yameshachapwa yakiwa na picha ya yule msichana. Ya pili hayajachapwa. Mpiga picha nitamwita tena, ukitaka. Hiyo itafumuliwa irudi ilivyokuwa."

"Haitanikaa," mjukuu wangu akasema. "Sasa itanipwaya."

Madamu akaigeuza ile nguo mkononi.

"Basi fundi atakubana kwa nyuma, si kazi kubwa."

"Sitaki kubanwa. Nishonewe mpya, kwa mwili nilio nao leo. Nikirudi kula nikanenepa, mnishonee nyingine." Akavuta pumzi. "Na asinishonee bibi. Wala asinipime."

"Nani, basi?"

Akamwonyesha fundi wa vikombe kwa kidevu.

Yule mama aliinuka, akavuta tepu shingoni mwake, akampandisha kwenye kigoda kile kile. Mimi nilirudi kwenye cherehani yangu. Nilikuwa nimewapa mgongo. Nikasikia namba zinasomwa kwa sauti moja moja, na mtu anaandika. Namba ya kifua niliijua, niliisoma mwenyewe asubuhi ya siku aliyoanguka. Zamani ilikuwa zaidi, na tofauti yake ilikuwa imetoka mikononi mwangu.

Wiki iliyofuata walipiga picha. Sikuitwa. Nilikaa kwenye ngazi, nje ya mlango, na mkoba mapajani, nikasikia mpiga picha akisema, "Geuka kidogo. Hivyo hivyo. Nyuma pia, tupige na nyuma." Kwa miaka yote thelathini na moja sijawahi kusikia mtu akiomba kupiga nyuma.

Alipotoka alikuwa amevaa nguo zake, na wanja machoni. Aliniona nimekaa pale. Nilisimama, nikataka kumwuliza alicheka na meno au alifunga mdomo, nikaona sina haki ya kuuliza.

"Nina njaa," akasema, si kwangu hasa.

"Nyumbani kuna chakula. Nimekiacha tayari."

"Nitakula hapo chini na wenzangu." Akashuka ngazi mbili, akasimama, hakugeuka. "Wewe tangulia nyumbani, bibi. Funga mlango, nina ufunguo wangu."

Nikatangulia.