Mbuzi wa Ntheo na Muhuri wa Zambarau

Fomu ililetwa Ijumaa, na Ijumaa hiyo Nzivo aliijaza bila kusema uongo. Hilo lishikwe vizuri, kwa sababu kufikia Jumatano watu wa Kiamaiko, mtaa wa Nairobi unaochinja mbuzi, walikuwa wamelitafuna hata halitambuliki.

Nzivo alikuwa mkaguzi wa nyama katika kichinjio kimoja cha mbuzi. Miaka kumi na minne alikuwa amesimama pale na gambuti zake, koti lililokwisha kukata tamaa ya kuwa jeupe, kisu chembamba, na muhuri wa shaba aliouchovya katika wino wa zambarau. Bila muhuri ule mbuzi hakutoka getini, hata mwenyewe angelia machozi. Mkewe, Nthenya, alizoea kusema kwamba siku Nzivo atakapokufa, malaika watamtambua kwa vidole vya zambarau, kisha watageukiana kuulizana ni nani aliyemkagua yeye.

Fomu yenyewe ilikuja na waraka wa maadili wa mwaka ule wa 1996. Wakubwa walikuwa wamezinduka, wakagundua kwamba mtumishi wa umma hafai kukagua biashara ya watu wake. Swali la sita liliuliza: Je, una ndugu au mkwe ambaye biashara yake iko chini ya ukaguzi wako? Ukiwa naye, mtaje, wala usiguse mali yake. Nzivo akaandika "Hapana", akatia sahihi, akampelekea mkubwa wake, Bi Jecinta, akaenda kunywa chai.

Kesho yake, Jumamosi, mbuzi watatu wakashushwa kutoka kwenye pikapu mbele ya nyumba yake mtaani Umoja.

Waliletwa na wazee wa Wahome. Wahome alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, mwenye bucha katika Soko la Burma, na kijana wake Njogu alikuwa amependana na Kavinya, binti wa kwanza wa Nzivo, karani katika duka la vipuri. Walikula, wakaomba, wakapiga picha. Nzivo akapokea kamba za mbuzi wale kwa mikono miwili.

Sasa, kwa Wakamba kama Nzivo mbuzi watatu wa ntheo si mchezo. Baba akishapokea kamba, binti ni mke wa watu, hata kama kanisa bado halijapigiwa simu. Na wakirudishwa, binti ameachwa. Lakini Wahome alikuwa Mkikuyu wa Murang'a, na kwake safari ile ilikuwa ya kubisha mlango tu. Mazungumzo yenyewe yangekuja polepole, labda miaka. Hakuna aliyemweleza mwenzake. Kila mmoja alilala na furaha yake na hesabu yake ya ukoo.

Mbuzi wakafungwa uani, kati ya tangi la maji na kamba ya nguo, wakimngoja Musyoka, mdogo wake Nzivo, aje Jumatano awapeleke nyumbani Kangundo.

Jumatatu asubuhi Nzivo aliingia kichinjioni akakaribishwa na sauti ya Batulo. Batulo aliuza vichwa na matumbo mlangoni, Mborana mwenye ulimi uliowashinda madalali wote wa Kiamaiko.

"Haya, mkwe wa Wahome amefika! Leo utapiga muhuri kwa mkono gani, wa serikali au wa mahari?"

Watu wakacheka. Nzivo naye akacheka, lakini kicheko kikaishia njiani. Swali la sita.

"Batulo, wacha nivae gambuti kwanza."

"Vaa. Ukishavaa, angalia wale wanne wa mwisho wa Wahome." Alikuwa ameinama kama anayepanga vichwa, na sasa hakuwa akicheka. "Mchinjaji wetu hakuwagusa wale. Wamekuja wameshakatwa."

Nzivo akaenda akasimama mbele ya mizoga ile minne. Hakuwa na haja ya kisu. Mbuzi akichinjwa akiwa hai, nyama ya shingo hujivuta nyuma na jeraha hufunguka kama mdomo. Shingo hizi zilikatwa kama mkate. Nyama nyeusi, mishipa imejaa damu iliyoganda, na harufu ile ambayo pua ya mkaguzi huisikia kabla yake mwenyewe. Kibudu. Mbuzi waliojifia.

"Mkwe!" Wahome alikuwa nyuma yake, kofia mkononi, uso umejaa Jumamosi. "Mama Kavinya hajambo? Ule mchele wake bado nauota."

"Hajambo. Wahome, hawa wanne walikufa wapi?"

"Nani amekufa? Lori lilikwama Merti siku mbili, juani. Wamechoka tu."

"Wamechoka sana, mzee wangu. Hawapumui."

Wahome akacheka, akamshika bega. "Piga tu muhuri, twende kazi. Si siku hizi sisi ni nyumba moja?"

Akilini Nzivo alimwona Kavinya akiwa na kitambaa cha kichwa cha Jumamosi. Akiwakataa mbuzi hawa, atawakataa mbele ya soko zima, na Wahome si mtu wa kusahau. Akiwapiga muhuri, kufikia saa saba watakuwa juu ya makaa, na watu watakuwa wakisukuma vipande kwa ugali na kachumbari. Mkono ulikuwa mzito. Ndipo akaikumbuka fomu, na, tuseme ukweli wote, akafurahi. Alifurahi kama mwanafunzi aliyesikia mwalimu wa hesabu ni mgonjwa.

"Sheria mpya hainiruhusu kugusa mali ya mkwe," alisema. "Nitamwita mwingine akukagulie."

Mwingine huyo alikuwa Gordon, mkaguzi kijana wa kichinjio cha jirani, aliyevaa miwani ya jua hata ndani ya stoo.

"Niaje, mzee. Nasikia umekuwa in-law wa Burma. Enda ukunywe chai, mimi niko."

Nzivo alikunywa chai. Ilimchukua Gordon muda wa kikombe kimoja. Alipotoka alikuwa amekumbatia kitu kirefu kilichofungwa kwa gazeti, na kwato moja ilichungulia kwenye ukurasa wa michezo.

"Kila kitu kiko sawa, mzee. Na wewe mikono yako ni safi kabisa."

Nzivo alichungulia ndani. Mbuzi wote wa Wahome walikuwa na muhuri wa zambarau, na wale wanne wa mwisho walikuwa wamepigwa mara mbili mbili, labda ili wasisahau. Wabebaji walikuwa wakiwapakia katika pikapu.

Alienda kwenye bomba akanawa. Maji yakatoka na zambarau, kisha yakatoka meupe. Mikono safi kabisa, Gordon alisema kweli. Sheria ilikuwa imefuatwa neno kwa neno, na kibudu kilikuwa kinaenda Burma. Tena yeye ndiye aliyekifungulia mlango, kwa adabu zote. Njia ya ofisini kwa Bi Jecinta ilikuwa ndefu. Pikapu ilikuwa imeshawashwa.

Akatoka mbio na kisu.

"Wahome! Teremsha wale wanne."

"Kwani wewe bado ni mkaguzi wangu? Si umejitoa?"

"Nimejitoa. Sasa nakuja kama mkwe. Binti yangu hawezi kuolewa katika nyumba inayolisha watu kibudu."

Wabebaji wakashuka, na madalali wakaja kutazama. Nzivo akapanda nyuma ya pikapu, akawavuta mmoja mmoja hadi chini, akawapasua kwa mistari mirefu, paja hadi bega, kama ipasavyo nyama isiyofaa. Hakuna aliyemzuia. Batulo akaja na chupa ya mafuta ya taa, akamimina, akaenda zake bila utani wowote.

Wahome alitazama mpaka mwisho. Hakupaza sauti.

"Mkwe ni nani hapa?" aliuliza. "Sisi tulikuja kubisha mlango tu. Kesho nitatuma mtu awachukue mbuzi wangu."

Jioni Nzivo alimkuta Kavinya uani akianua nguo, akiwasukuma mbuzi kwa goti. Alimweleza yote, asifiche hata furaha ya ile chai. Kavinya alizikunja nguo mpaka zikaisha, kisha akaikunja tena ya kwanza.

"Ulisema binti yako hawezi kuolewa?"

"Nilisema hivyo."

"Mbele ya watu wote?"

"Mwanangu, wale mbuzi wangeua mtu."

"Sijasema uwaachilie, baba. Ungemshtaki Gordon. Ungelala mbele ya gari. Lakini kisu ulichotumia ni mimi." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomuuma. "Uliniuliza?"

Nzivo akachota maji tangini, akawanywesha mbuzi.

Jumanne alikwenda kwa Bi Jecinta akaomba fomu yake. Palipoandikwa "Hapana" akapiga mstari, akaandika: "Ndiyo. Wahome, mkwe, tangu Jumamosi." Chini yake akaandika aliyoyafanya Gordon, na kibudu, na gazeti. Bi Jecinta alisoma mara mbili, akavua miwani.

"Nzivo, nimesikia huyu Wahome amekana ukwe."

"Mbuzi bado wako kwangu."

"Umewapasua mbuzi ambao sheria ilikukataza kugusa. Nikiipokea hii, hutarudi kichinjioni. Watakupa kazi ya kukagua vyoo vya shule. Na Gordon ana watu wake. Yeye huenda asiguswe. Irudishe mfukoni, nitasema sikuiona."

"Ipokee, madam."

Akaipokea. Muhuri wa shaba akauacha juu ya meza, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne mfuko wa koti lake ukakosa uzito.

Alipokaribia nyumbani alisikia harufu ya nyama. Uani kulikuwa na mbuzi wawili tu. Musyoka, aliyekuja siku moja mapema, alikuwa akipangusa kisu kwenye majani, na juu ya jiko sufuria kubwa ilikuwa inachemka. Njogu alikuwa amekaa kwenye kigoda, kamba mpya imekunjwa magotini. Yeye ndiye mtu aliyetumwa na Wahome.

"Nani ameamuru achinjwe?" Nzivo aliuliza.

"Mimi," alisema Kavinya. "Sikukuuliza."

Nzivo akainamisha kichwa.

Musyoka alikohoa. "Mbuzi wa ntheo akishaliwa, kaka, hata akidaiwa atarudishwa vipi? Lakini lazima aliwe na pande zote mbili, ndipo ndoa isimame. Kavinya ndiye amenikumbusha."

"Na nani amemkagua?" Nzivo alisema, mazoea yakimshinda.

"Wewe kagua," alisema Nthenya.

"Siwezi. Ni mali yangu." Kisha akaongeza, polepole, "Na sina muhuri tena."

Nthenya akafunua sufuria. Kavinya alitoa kipande cha ini, akakiweka kwenye sahani, akamwekea Njogu mbele, akabaki amesimama. Hakumwambia karibu. Njogu alikitazama kipande kile, akaitazama kamba, akamtazama Kavinya, ambaye uso wake haukumsaidia hata kidogo.

"Nikila, baba hataniruhusu kurudi buchani," alisema.

"Najua," alisema Kavinya.

Mbuzi mmoja kati ya wale wawili alilia. Njogu akaiweka kamba chini, akala. Alitafuna kwa muda mrefu kama mtu anayemeza mfupa, akamaliza, akafuta mikono kwa suruali.

Ndipo Kavinya akawapakulia wengine. Mama, ami yake, kisha Njogu tena. Sahani ya baba yake ilikuja mwisho, imejaa kama zote, lakini aliiweka chini bila neno, akarudi jikoni. Nzivo aliichukua. Aliigeuza nyama upande mmoja na mwingine, kama alivyofanya kila siku ya maisha yake, akaiona ni nzuri, safi, imetoka damu yote. Akala akiwa amesimama.