Punda Hajafika

…na bado Mama anaita kwa sauti ileile, kana kwamba miaka thelathini haijapita, kana kwamba hapa ni Kibosho na siyo ghorofa ya tatu Kariakoo, nyumbani kwa Candida mwenyewe, “Candida! Ndizi hizo!”, naye Candida ameng’ang’ania ukingo wa kochi, macho kwenye runinga, kwa sababu punda mdogo wa katuni amefika kwenye lile daraja refu lenye theluji, na darajani ndipo alipoitwa kila Krismasi ya utoto wake, hapo hapo, si mbele si nyuma… Baba, Mungu amrehemu, akitoka misa anawasha deki, Mama anainjika sufuria, na viwili hivyo vikawa vinaiva pamoja, kengele ya punda ikilia tu darajani, basi jikoni anatakiwa msichana, na mwisho wa hadithi unabaki kuwa mali ya kaka zake, Leodegar na Benedict, wanaume, waliokunja miguu kwenye kochi kama hivi walivyoikunja sasa, vitambi juu, maganda ya karanga kwenye zulia lake, zulia lake!, na ukiomba wakurudishie mkanda nyuma kidogo tu, Leodegar anasema kurudisha kunaharibu kichwa cha deki, nitakusimulia, na akasimulia kweli, mwaka mmoja punda kafa kwa baridi, mwaka mwingine kaliwa na fisi, fisi kwenye theluji, shenzi, na yeye alilia juu ya beseni la vyombo kwa ajili ya fisi ambaye hakuwepo, wao huko sebuleni wanacheka… “Dada, unaitwa,” anasema Benedict bila kugeuka, na Candida anasikia damu inampanda, naitwa, nimesikia naitwa, wewe huna masikio, huna mikono?, chini hapo sokoni wanamwita Bosi, akisema robota la vitenge lishuke linashuka, wanaume wazima wanamwamkia, halafu anapanda ngazi anafika kwake anakuwa wa kuitwa jikoni, na huyu Leodegar, aliyemleta Mama Dar kutibiwa miguu ndiyo maana mwaka huu hakuna aliyepanda Moshi, kaileta na deki, kaibeba mapajani njia nzima kama mtoto, “Nimekuletea zawadi, tukumbuke zamani,” tukumbuke nini, Kaka, wewe ukumbuke punda, mimi nikumbuke masizi?… “Candida!”, na Mama naye, dokta kasema akae, miguu imevimba kama mito, naye kasimama mbele ya jiko la gesi tangu asubuhi, hataki msaada wa mtu ila wa mwanamke, yeye ndiye wa kulaumiwa, yeye, siyo hawa, angeita hata mara moja jina la mvulana, mara moja tu, angengoja punda avuke… na hapo kitu kinasogea pembeni yake, Jovitha, binti yake wa miaka kumi na moja, ameshasimama, hakuna aliyemtaja jina, kasimama tu, anavaa ndala huku shingo imegeukia runinga, na Candida anaona ile shingo, anaijua ile shingo, mkono wake unaruka wenyewe kudaka pindo la gauni jipya la sikukuu, “Kaa.” “Lakini Bibi anaita, mama.” “Hajakuita wewe. Kaa!” Na ukali wake unamshtua mtoto, anakaa, na Leodegar anatupa ganda jingine, “Sasa nani anaenda?”, anauliza hewani, kama mtu anayeuliza saa, na kabla Candida hajafungua mdomo kumtukana mbele ya Mungu na Krismasi yake, Mama katokea mlangoni, mwiko mkononi, kaegemea fremu kupumzisha mguu mmoja, “Mmekuwa viziwi nyumba nzima?”, halafu macho yake yanaangukia kwenye runinga, yanatulia hapo, na uso unalegea, anasema polepole, “Huyo punda… anaenda wapi?” Leodegar anacheka, “Mama naye! Si mkanda wetu ule wa Krismasi?” “Mkanda gani?” anauliza Mama, na hatanii, Mama hajui, miaka yote ile ndani ya nyumba yake mwenyewe Mama hamjui punda, yeye Candida walau alifikishwa darajani, Mama hata mwanzo hakuuona, na ile hasira aliyomtunzia Mama miaka thelathini inakosa pa kukaa, haiishi, ng’o, inageuka tu na kumtazama aliyekunja miguu… “Kaka Leo, nenda kaepue ndizi.” “Mimi?” “Wewe. Benedict, mpishe Mama.” Wanacheka wote wawili, wanangoja na yeye acheke, hacheki, kengele inalia darajani, theluji inaanguka, punda hajafika, na kutoka jikoni harufu ya kuungua inaingia, Mama anashtuka, anageuza ule mguu mbovu kukimbilia sufuria, na Candida, pindo la gauni la Jovitha bado mkononi, anasema, “Ziache ziungue, Mama. Njoo ukae, tuone anafika wapi.”