Jiografia ya Darasa la Sita

Consolate alikuwa na vitabu tisa, na vingi kati yavyo havikuwahi kukaa rafu moja. Vitano alivuka navyo ziwa kutoka Burundi, vya mdogo wake, vimefungwa katika kitenge kimoja na sufuria. Vinne alivipata hapa Fizi, upande wa Kongo, kimoja kimoja, kwa kubembeleza. Tangu madarasa ya karibu na Lweba yajae watu waliokimbia vita, darasa la binti yake Niyokwizera lilikuwa makao ya familia sita, na nani mwenye moyo angewaambia watoke? Basi mama akawa mwalimu. Yeye mwenyewe aliacha shule mwaka wa nane. Elimu hiyo ilimtosha kugomba, haikumtosha kuwa na uhakika.

Alichokitaka kilikuwa kimoja tu: Niyokwizera afanye mtihani wa taifa wa darasa la sita. Bila cheti kile sekondari haimpokei, na msichana wa miaka kumi na mitatu asiye na shule hutafutiwa upesi mume wa kumpikia. Consolate alishaona watu wakianza kumtazama mtoto wake kwa jicho hilo, na lilimtia hofu.

Hesabu alichagua ya Burundi bila kusita, maana hesabu haina pasipoti. Alibadilisha tu majina: palipokuwa na muuza ndizi wa Ngozi, akaandika muuza ndagala, yaani dagaa, wa Baraka. Kifaransa pia cha Burundi. Sayansi aliichanganya, kwa kuwa kitabu cha Kongo panya walikuwa wamekula kurasa za moyo na mapafu. Lakini jiografia, historia na uraia haviwezi kuvushwa ziwa. Mtoto ataulizwa nchi aliyomo, si nchi aliyotoka.

Kwa hiyo alikwenda sokoni Baraka, kwa Georgette, mama anayepanga vitabu vilivyotumika juu ya turubai.

"Mama, hii ndiyo ya sixième," Georgette alisema. "Yote iko ndani: géographie, histoire, civisme. Iko na carte ya rangi, tena haikupasuka."

"Iko ya Congo?"

"Ya Congo kabisa! We angalia, Sud-Kivu ile pale, na Bukavu yake."

Pembeni palikuwa na kingine, chembamba, fotokopi mpya isiyo na rangi, kimefungwa kwa uzi. Consolate alikishika, akakiona cha kimaskini, akakirudisha. Alitaka mtoto wake asome kitabu chenye jalada na ramani ya rangi, kama watoto wengine. Akachukua kile kinene, akarudi nyumbani akifurahi njia nzima, maskini wa Mungu.

Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini waliosema hivyo hawakuwa wakimbizi. Mgeni ni kuku mweupe. Angemwendeaje jirani, mwenye nchi, kumuuliza nchi yake ina majimbo mangapi? Aliamini ramani. Miezi minne mama na mtoto walichambua maharage huku wakiyaimba majimbo: Bas-Congo, Bandundu, Équateur, Katanga, hadi yalipotoka yenyewe kama Baba Yetu.

Mwishowe directeur mmoja wa shule ya Baraka, Monsieur Henri, alikubali kuliweka jina la Niyokwizera kwenye orodha ya watahiniwa wake, iwapo angejibu vizuri mbele yake. Walifika Ijumaa asubuhi. Consolate aliambiwa abaki nje, akasimama na kile kitabu kinene kwenye dirisha la darasa lililojaa wanafunzi.

Hesabu ilikwenda vizuri. Imla, makosa mawili tu. Monsieur Henri aliitikia kwa kichwa, ameridhika, na Consolate akaanza kumshukuru Mungu mapema.

"Bon. Congo iko na provinces ngapi?"

"Kumi na moya, Monsieur le directeur," Niyokwizera alijibu, akayataja yote bila kupumua.

Darasa likacheka. "Katanga!" mmoja alisema nyuma, na wakacheka tena. Directeur aliinua mkono wakanyamaza.

"Anza tena, pole pole."

Niyokwizera alidhani ameruka moja. Akageuka dirishani kumtazama mama yake. Consolate naye hakuelewa kicheko kile kilitoka wapi. Kitu pekee alichoweza kumpa mtoto wake ni kumwitikia kwa kichwa: endelea, mutoto yangu, unajua. Na mtoto akaanza upya, kwa sauti kubwa zaidi, yote kumi na moja, huku wenzake wameziba midomo.

Monsieur Henri alitoka nje. Hakuwa na ukali, na afadhali angekuwa nao.

"Mama, ile kitabu ni ya zamani sana. Provinces ziko makumi mbili na sita. Ile Katanga walishaikata mara ine, hii miaka kumi sasa."

"Monsieur le directeur, umupatie wiki moya tu. Atazishika zote."

"Liste inaenda leo. Hesabu anajua, sikatae. Lakini histoire na civisme, alisomea mu kitabu gani?"

Consolate alikificha kitabu chini ya kitenge chake.

"Ile ile," directeur alisema. "Nikimuandika, ataanguka. Arudi mwaka wenye kuya."

Walishika njia ya Lweba. Niyokwizera hakulia, na mama alitamani alie, walau apate kazi ya kumbembeleza.

"Mama, we ulijua?"

"Sikujua."

"Na hesabu?"

"Hesabu ni ya kweli."

"Nani alikuambia?"

Pikipiki iendayo Misisi iliwapita ikawamwagia vumbi, wakasimama kujifuta macho.

"Na Burundi?" mtoto aliuliza. "Zile provinces kumi na nane ulinifundisha, ziko bado?"

Redio ilishasema. Zilivunjwa, sasa ni tano, na Makamba, alikozaliwa Consolate, si jimbo tena. Alilisikia tangazo hilo akiwa peke yake, akaizima redio, hakumwambia mtu.

"Ziko," akajibu. "Kumi na nane."

"Ndiyo, mama," Niyokwizera alisema, kwa sauti ya adabu anayoitumia kwa watu asiowajua, akatangulia mbele.