Jiwe la Mlango wa Reli

Shangazi yangu aliitwa mwongo miaka sitini, na waliomwita hivyo wengine ni ndugu zetu wa damu. Hata mimi niliwahi kucheka. Naanza na hilo msije mkanidhani mtakatifu.

Alichokuwa akisema ni hiki: kwamba lile jiwe kubwa juu ya mlango wa halmashauri, lenye jina la Bwana Mkubwa, mkoloni aliyelijengesha jengo, limechongwa pande mbili. Mbele kuna jina la bwana. Nyuma, upande uliozama ukutani, kuna alama za waashi waliolijenga jengo, na aliyezichonga ni baba yake, yaani babu yangu. "Litoeni mkaone!" alikuwa akisema. Nani abomoe ukuta wa serikali kwa maneno ya mwanamke mmoja? Watu walivunjika mbavu, wakampachika na jina, Mama Jiwe.

Mimi ni mwashi. Babu alikuwa mwashi, baba mwashi, na baba alipoona hana mtoto wa kiume akanikabidhi nyundo mimi bila kuomba ruhusa ya mtu. Mjini wananiita Tindo, ile patasi ya kukatia mawe, kwa sababu ya kazi na kwa sababu ya mdomo wangu. Katika ukoo wetu, na koo nyingine za waashi hapa, kila fundi hukata alama yake upande wa jiwe usioonekana. Yetu ni mikato mitatu na duara dogo. Nilijua kuikata kabla sijajua kuandika jina langu.

Basi Jumatatu moja katibu wa halmashauri akaniita. Ofisi yake ndicho chumba kilichokuwa cha kupimia pamba. Ndoano ya mizani bado inaning'inia darini, ameitundikia koti lake. Jengo zima lilikuwa bohari. Mlango mkubwa unatazama reli, na reli inakwenda bandarini, haina safari nyingine. Sisi wenye mji tunaingilia nyuma, kwenye kilango cha makuli, mpaka leo. Bendera ilibadilishwa, lakini mlango hakuna aliyeukumbuka.

"Fundi, Jumamosi tuna mgeni," katibu akasema. "Mjukuu wa Bwana Mkubwa anatoka ng'ambo. Jengo linatimiza miaka tisini. Lile jiwe limelegea. Litoe, lioshe, herufi uzipake rangi ya dhahabu, ulirudishe mahali pake. Ukimaliza lifunike kitambaa. Sitaki mtu alione mpaka mgeni avute kamba mwenyewe."

"Na ile kazi ya kukarabati kuta za jengo?"

"Hili likienda vizuri, kuta zote zako, mwaka mzima. Likiharibika, Tindo, usikanyage tena hapa."

Nilitoka pale nimejaa furaha. Kuta za mwaka mzima! Nilikuwa nimekaa miezi mitatu bila kazi ya maana, nabandika vigae vya vyoo vya watu.

Nilimkuta shangazi chumbani kwake, ameketi kitandani karibu na dirisha, anakunja nguo kwa kupapasa. Jicho moja limeshakwenda, la pili linafifia. Nikamwambia. Akaweka nguo chini.

"Nipeleke," akasema. "Nataka nilishike kwa mkono wangu."

"Shangazi, na kama..."

"Kama nini? Kama hakuna kitu? Sema tu."

Ndilo nililokuwa nikiliogopa. Katibu simwogopi. Niliogopa kuligeuza lile jiwe nikakuta patupu, mbele ya bibi wa miaka themanini na tano.

Akanisimulia tena, na safari hii nilisikiliza. "Viwanda vya kwao vilitaka pamba, na pamba kwao haioti. Hiyo ndiyo sababu iliyowaleta. Mengine yote wameyaongeza baadaye. Wakaja na bunduki, wakatutoza kodi ya kichwa. Asiyekuwa nayo akasombwa kubeba mawe. Mashamba ya mtama yakang'olewa, wakatupandisha pamba. Pamba inaliwa, mwanangu? Mama yangu alizika wawili mwaka ule, kabla mimi sijazaliwa. Na huku bohari likapanda. Jukwaa la mafundi likaanguka, wakafa saba, kesho yake wakaletwa saba wengine. Mwisho baba akapewa karatasi, aigize herufi asizozijua. Aliniambia, 'Jina lake nililichonga chini ya fimbo. Yetu niliyachonga kwa hiari yangu.'"

Jumanne asubuhi nikaenda na mafundi wenzangu watatu, kamba na kapi. Shangazi tukamwekea kiti kivulini, ukutani. Jiwe lilishuka taratibu, zito, tukalilaza kifudifudi juu ya mbao.

Nyuma palikuwa peupe. Chokaa tupu.

Lo! Mafundi wakatazamana. Shangazi akauliza, "Kimya cha nini?" Nikachukua brashi ya waya na ndoo, nikaanza kusugua, nasugua kwa hasira, namlaani babu, najilaani na mimi. Chokaa ikaanza kubanduka vipande vipande. Chini yake nikaona mkato. Halafu wa pili. Halafu wa tatu, na duara.

"Shangazi," nikaita.

Nikamshika mkono, nikaweka kidole chake pale. Alipapasa polepole, akarudia. Kisha akaenda mbele, alama moja baada ya nyingine, mpaka ukingoni. Tulizihesabu kumi na tisa. Saba zilikuwa na tundu juu yake, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini.

Fundi mmoja tunamwita Bubu, si kwamba hawezi kusema, hapendi tu. Alipiga magoti akagusa alama ya saba, nyota ya mguu mmoja. "Hii ya kwetu," akasema. Ina tundu.

Shangazi alikuwa analia na kucheka pamoja. "Haya! Mwongo nani sasa? Niitieni mjomba wenu yule aliyenicheka kwenye harusi yake! Yu hai bado?"

"Alikufa, shangazi."

"Amenikimbia!"

Baadaye, tulipokuwa tunachanganya saruji, fundi mwingine akaniuliza, "Linarudi vipi?"

Nikalitazama jiwe. Nikamtazama shangazi, ameegemea ukuta, vidole vyake vyeupe kwa chokaa. Miaka sitini.

"Linageuka," nikasema.

"Utakosa kuta."

"Nitakosa. Anayetaka kuondoka aondoke sasa."

Thubutu! Hakuna aliyeondoka. Bubu alikwenda akarudi na mfuko wa pili wa saruji. Tukalipandisha, alama nje, jina ndani, tukalifunika kitambaa kama tulivyoagizwa. Katibu alipita Ijumaa, akatazama kitambaa, akanisifu kwa usafi.

Jumamosi watu walijaa mpaka kwenye reli. Mgeni alikuwa kijana mpole, jua limemchoma pua, sina ugomvi naye. Katibu alihutubia saa nzima, akamshukuru Bwana Mkubwa aliyetujengea kwa mikono yake. Kwa mikono yake! Kisha mgeni akavuta kamba.

Watu wakanyoosha shingo. Halafu mwashi mmoja mzee nyuma kabisa akapaza sauti, "Ile ya baba yangu!" Na mwingine, "Ile pale, ya kwetu!" Uwanja ukachafuka.

Katibu macho yakamtoka pima. Akanijia. "Tindo! Jina liko wapi?"

"Lipo."

"Ligeuze! Sasa hivi!"

"Saruji imeshika. Labda uvunje mlango."

Akawageukia mafundi. "Nani ataligeuza? Kazi ya kuta nampa yeye!"

Tulikuwa waashi zaidi ya ishirini pale, na nusu yetu hatukuwa na kazi. Hakuna aliyenyanyua hata nyundo. Bubu alikunja mikono akatazama angani.

Mgeni, maskini, alikuwa haelewi kitu. Akamgusa katibu bega, akamwuliza jambo kwa lugha ya kwao. Shangazi, kwenye kiti cha mbele, akauliza, "Anasemaje?"

"Anauliza," katibu akasema chini chini, "babu yake yuko wapi."

Shangazi akasimama, ameshika fimbo yake, uso kaelekeza kwenye sauti.

"Mwambie hao wanaoonekana ndio waliojenga. Babu yake hatujamtupa. Yuko palepale, upande wa pili, amegeuzwa ukutani, mahali walipokaa hawa miaka tisini. Na yeye akae. Akitimiza miaka tisini, wa kwao waje tuzungumze." Akagonga fimbo chini. "Tafsiri, Katibu. Usiruke hata neno."

Katibu akatafsiri.